PROGRAMU NJEMA HUPIGA HODI

Katika nchi yetu hata mtoto mdogo ajua ya kuwa mtu haingii nyumba ya mwenziwe bila ya kupiga hodi. Akipiga hodi mara tatu asijibiwe, hurudi alikotoka, wala hasukumi mlango. Desturi hii tumeikuta kwa wazee wetu, na sababu yake ni wazi: nyumba ina mwenyewe. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba simu ya mkononi nayo ni nyumba yenye mwenyewe, na kwamba sisi tunaojifunza kutunga programu za simu hatuna budi kuishika desturi ile ile.

Naandika habari hii sasa kwa sababu maalumu. Muhula huu Chama chetu cha Kompyuta kimeanza kutunga programu ya wazazi. Mzazi akiifungua katika simu yake ataona orodha ya watu wa shule ambao huenda akawahitaji: Mkuu wa Shule, Mwalimu wa Malezi, Matroni, na walimu wa madarasa. Kila jina litakuwa na kitufe cha kupiga simu na kitufe cha kuandika ujumbe. Kadhalika kitakuwapo kitufe cha kupiga picha ya fomu ya daktari na kuileta shuleni, ili mzazi aliye mbali asilazimike kupanda basi kwa ajili ya karatasi moja.

Kazi ni njema, na kila mwanachama anaifurahia. Walakini tumegawanyika pande mbili. Upande mmoja wasema programu yetu ifanye kila kitu yenyewe: mzazi abonyeze mara moja tu, na simu iite au ujumbe uende. Upande wa pili, na mimi nimo, wasema programu yetu izifungue programu zilizokuwamo simuni tangu ilipotoka kiwandani, iweke namba tayari mbele ya mzazi, kisha mzazi mwenyewe abonyeze. Kura itapigwa muhula ujao. Maadamu watakaoitumia programu hii ni wazazi, naona si haki jambo hili liamuliwe katika chumba cha kompyuta peke yake.

Kwanza yafaa nieleze kazi yenyewe inavyofanyika. Kila simu ya kisasa huja na programu zake za asili: ya kupigia simu, ya ujumbe mfupi, ya kamera, na ya daftari la majina. Programu iliyotungwa na mtu wa nje haiwezi kuingia ndani ya hizo na kufanya ipendavyo. Katika simu za Android, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2008, programu moja ikitaka msaada wa nyingine huandika hati ndogo iitwayo intenti, yaani nia. Hati hiyo hutaja mambo mawili: kazi inayotakiwa, na kitu kinachohusika. Kisha hukabidhiwa kwa mfumo wa simu, nao huitafuta programu iiwezayo kazi ile na kuifungua. Mfumo wa simu ni kama tarishi: wewe wampa barua, naye ndiye ajuaye mlango wa kuipeleka.

Mfano wake ni mistari hii miwili:

val nia = Intent(Intent.ACTION_DIAL, Uri.parse("tel:112"))
startActivity(nia)

Mstari wa kwanza waandika nia. Neno ACTION_DIAL lataja kazi, nayo ni kuweka namba katika kibao cha kupigia simu. Maneno tel:112 yataja namba, nayo hapa ni ile ya dharura ya polisi. Mstari wa pili waipeleka nia hiyo. Mara programu ya simu hufunguka, namba 112 imekwisha kuandikwa, na kitufe cha kijani chamngoja mwenye simu. Mistari hii haimwombi mtu ruhusa yoyote, kwa kuwa haikufanya lolote ila kuandaa. Mwenye kupiga ni mtu mwenyewe.

Katika simu za iPhone maneno ni mengine, lakini njia ni ile ile: anwani ianzayo na tel: hukabidhiwa mfumo, na siku hizi mfumo humwuliza mwenye simu kwanza kama kweli ataka kupiga. Namna hii ya kuandika namba ya simu kama anwani si mali ya kampuni moja. Iliwekwa katika kanuni za intaneti mwaka 2000, ikarekebishwa mwaka 2004, na ndiyo maana yafahamika katika simu za kila aina.

Sasa tazameni jinsi neno moja liwezavyo kubadilisha habari yote. Tukifuta ACTION_DIAL na kuandika ACTION_CALL, programu haitaweka namba mbele ya mzazi na kungoja; itapiga simu papo hapo. Kwa kazi hiyo haina budi kuomba ruhusa iitwayo CALL_PHONE. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, ruhusa nzito za namna hii huombwa wakati programu inapotumika, na mwenye simu aweza kukataa. Kabla ya hapo alitakiwa kuzikubali zote kwa pamoja siku ya kuiweka programu, apende asipende, au aiache.

Wenzangu wa upande wa pili wasema, "Basi tatizo liko wapi? Mzazi ataulizwa, naye atakubali." Hapo ndipo nisipokubaliana nao. Ruhusa ya simu haina mipaka ya kusudi. Mzazi akitupa ruhusa ya kutuma ujumbe mfupi, iitwayo SEND_SMS, hatupi ruhusa ya kumwandikia Matroni tu. Atupa ruhusa ya kumwandikia mtu yeyote, neno lolote, saa yoyote, kwa salio lake yeye. Akitupa ruhusa ya kusoma daftari la majina, hatupi jina moja alilolikusudia, bali atupa majina yote: ndugu zake, mwajiri wake, sheikh au padre wake, na watu ambao hawajapata kuisikia shule yetu. Mtu aliyeomba kiti hapewi funguo za nyumba nzima.

Nao mlango wa heshima upo kwa kila kazi tunayoitaka. Kwa ujumbe mfupi, ipo nia iitwayo ACTION_SENDTO, yenye anwani ianzayo na smsto:. Yenyewe hufungua programu ya ujumbe ya mzazi, maneno na namba vikiwa vimekwisha kuandikwa, naye aweza kuyasoma, kuyasahihisha, kisha kuyatuma au kuyafuta. Kwa picha ya fomu, ipo ACTION_IMAGE_CAPTURE: kamera ya asili hufunguka, mzazi hupiga picha, na picha ile moja ndiyo irudishwayo kwetu. Kwa kuchagua jina, ipo ACTION_PICK: daftari hufunguka, mzazi hugusa jina moja, na programu yetu hupewa habari za jina hilo peke yake. Katika hizo zote programu yetu haiombi ruhusa hata moja.

Labda msomaji atadhani nalikuza jambo dogo. Basi natazame yaliyotokea katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Zimekuja programu za kukopesha fedha, na nyingi zilianza kwa kuomba ruhusa ya kusoma daftari la majina. Mkopaji, kwa kuwa ana shida, hukubali haraka. Akichelewa kulipa, majina yale hugeuzwa fimbo. Shangazi yangu alipata kuletewa ujumbe wa vitisho kwa deni lisilo lake. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba namba yake ilikuwamo katika simu ya jirani. Yeye hakukopa, wala hakuombwa ruhusa, wala hakuwa na namna ya kukataa.

Serikali nazo ziliona. Nchini Kenya, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 ziliwakataza wakopeshaji wa kidijitali kutumia daftari la majina la mkopaji kwa kuwapelekea watu wengine habari za deni lake. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakiendeshwa bila ya leseni. Google nayo, yenye duka ambamo watu wengi hupata programu za Android, ilizikataza programu za mikopo kuomba majina na picha za watu kuanzia tarehe 31 Mei 2023. Kabla ya hapo, mwaka 2019, ilikuwa imekwisha kuzibana programu zinazotaka ruhusa za ujumbe mfupi na za kumbukumbu za simu: kwa kawaida ruhusa hizo ni za programu ambayo mwenye simu ameichagua iwe ndiyo yake ya ujumbe au ya simu. Kwa hiyo programu yetu ikiomba SEND_SMS kwa ajili ya kitufe kimoja, huenda isipokelewe dukani hata kidogo.

Ipo hatari nyingine ambayo si ya udanganyifu wa mtunzi, bali ni ya mashine kutenda bila ya mkono wa mtu. Wazazi wetu wengi huendesha fedha zao kwa kupiga nyota, namba kadhaa, kisha reli. Maana yake ni kwamba kile kibao cha kupigia simu si cha maongezi tu. Ni mlango wa benki, na katika simu nyingine ni mlango wa kazi za ndani za simu yenyewe. Mwezi wa Septemba 2012, katika mkutano wa Ekoparty mjini Buenos Aires, mtafiti Ravishankar Borgaonkar alionyesha ya kuwa baadhi ya simu za Samsung, zikifungua ukurasa wa intaneti wenye anwani ya tel: iliyofichwa ndani yake, zilitekeleza namba ile zenyewe bila ya kumngoja mtu. Namba aliyoionyesha ilikuwa ya kuirudisha simu katika hali ya kiwandani, na kufuta kila kitu kilichomo. Kasoro hiyo ilirekebishwa, lakini fundisho lake limebaki. Madhara yalikuja kwa kuwa ile hatua ndogo ya mtu kutazama namba na kubonyeza kitufe cha kijani ilirukwa. Hatua hiyo ndiyo wenzangu wataka tuiondoe wakisema ni usumbufu.

Sasa nijibu hoja zao, maana si hoja za kipuuzi.

Hoja ya kwanza ni kuwa wazazi wengine ni wazee, na kubonyeza mara mbili kutawachanganya. Mimi naona kinyume chake. Bibi yangu hajui programu yetu, lakini kibao chake cha simu akijua sana. Ajua kitufe cha kijani kilipo hata gizani. Tukimpeleka pale, tunampeleka mahali alipopazoea. Tena simu nyingi za huku kwetu zina laini mbili, na vifurushi havilingani. Akiwa mbele ya kibao chake mwenyewe, mzazi ana nafasi ya kufikiri ni laini ipi yenye dakika, kabla ya simu kwenda. Tukiandika chini ya jina la Matroni, kwa herufi kubwa, "Kisha bonyeza kitufe cha kijani", tutakuwa tumefanya yatupasayo.

Hoja ya pili ni ya dharura. Wasema mtu aliyepatwa na hatari hana muda wa kubonyeza mara mbili. Hoja hii yagusa moyo, lakini haisimami. Wenye Android wenyewe wameandika katika maelezo yao ya kazi ya kwamba ACTION_CALL haiwezi kutumiwa na programu za kawaida kupiga namba za dharura. Kwa namba hizo yatumike ACTION_DIAL. Kwa hiyo hata mzazi akitupa ruhusa yote, namba 112 haitapigwa kwa njia yao. Itapigwa kwa njia yetu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Wasema: "Sisi ni wanafunzi waaminifu, tunasimamiwa na walimu, nani atatumia ruhusa hizo vibaya?" Nasadiki ya kuwa wanachama wa leo ni waaminifu. Lakini programu hii haitakuwa yetu daima. Sisi tutamaliza kidato cha sita, na wengine watakuja ambao hatuwajui. Ruhusa iliyotolewa kwetu watairithi wao. Tena mwizi anaweza kuziiba funguo kwa mtu mwaminifu, lakini hawezi kumnyang'anya mtu kitu asichokuwa nacho. Programu isiyoshika majina ya wazazi haiwezi kuyavujisha, hata ikiangukia mikono mibaya.

Hoja ya nne imetoka kwa mwalimu mmoja, nami naikubali nusu. Aliuliza itakuwaje shule ikitaka kuwapasha wazazi wote habari kwa siku moja, kwa mfano tarehe ya kufunga shule imebadilika. Ni kweli kwamba njia yangu haifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa hakuna atakayebonyeza mara mia nne. Lakini hiyo si kazi ya simu ya mzazi. Ni kazi ya shule kujiandikisha kwa watoa huduma ya ujumbe wa wengi, itume kwa jina lake na kwa gharama yake. Tusiitwike simu ya mzazi mzigo wa ofisi.

Ndugu wanachama, limebaki jambo moja la ufundi ambalo ni la adabu vilevile. Si kila kifaa kina programu tunayoiita. Wazazi wengine watatumia kishikwambi kisicho na laini, wala hakina uwezo wa kupiga simu. Tukituma nia pasiwe na wa kuipokea, programu yetu itaanguka na kujifunga mbele ya mzazi, isipokuwa tumejiandaa. Wengi wamezoea kuuliza kwanza orodha ya programu zilizomo. Tangu Android 11 ya mwaka 2020 mfumo huficha orodha hiyo kwa programu isiyotangaza mapema inachokitafuta, na hivyo mtu aweza kujibiwa "hamna" hali ipo. Njia nyoofu ni kutuma nia, na kuwa tayari kulipokea jibu la kwamba mwenyeji hayupo, liitwalo ActivityNotFoundException. Hapo programu yetu na imwonyeshe mzazi namba yenyewe kwa herufi kubwa, ili aipige kwa simu nyingine. Mtu mwenye adabu akikosa mwenyeji huacha salamu, akaenda zake.

Haya yote twaweza kuyajaribu hapa hapa shuleni bila ya mwanafunzi kushika simu, jambo ambalo sheria za shule hazituruhusu. Kompyuta zetu zina simu ya kuigiza, nayo ina kibao cha namba, kamera na daftari la majina kama simu ya kweli. Nawaomba wenzangu wa upande wa pili watunge kitufe chao, nasi tutatunga chetu, na siku ya wazazi vyote viwili viwekwe mezani. Mzazi aonyeshwe mbele ya kila kitufe ni ruhusa gani inaombwa, na ruhusa hiyo yaweza kufanya nini zaidi ya tulichomwambia. Kisha aulizwe atakacho.

Kwa wazazi nina neno moja. Kabla siku hiyo haijafika, fungueni mipangilio ya simu zenu, mtazame ni programu zipi zenye ruhusa ya ujumbe, ya simu na ya majina. Mkikuta programu ya tochi au ya mchezo ina funguo za daftari lenu, mnyang'anyeni. Haitawadhuru, ruhusa ikiondolewa leo yaweza kurudishwa kesho.

Kwa wanachama wenzangu nasema hivi: programu ya kwanza itakayobeba jina la shule yetu na iwe ile ambayo mzazi akiitazama katika mipangilio ya simu yake atakuta pameandikwa kuwa haikuomba ruhusa yoyote. Hilo si upungufu wa ufundi wetu. Kufungua programu ya mwingine kwa namna iliyo sawa, ukampa mwenye simu neno la mwisho, ni kazi yenye kutaka maarifa zaidi kuliko kuomba kila kitu na kupewa. Nitapiga kura upande huo, nami nawaomba mfikiri vema kabla ya kupiga yenu.

Mwanachama wa Chama cha Kompyuta,
Kidato cha Tano